Zawadi kwa Mwingereza, sumu kwa Mjerumani, ndoa kwa Mswidi: Safari ya neno 'gift'

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, binti ya dada yangu, alinijia nyumbani akiwa na daftari la Kijerumani kwapani na uso uliokunjamana. Huyu ni muuguzi. Anajiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, kama wanavyojiandaa vijana wengi tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira na uhamaji jijini Berlin mnamo Septemba 2024. Tulikuwa hatujamaliza kujuliana hali, na chai haijamiminwa, alipolitoa swali lililomleta: "Mjomba, ni kweli jina langu maana yake ni sumu?"

Jina lake ni Gift. Dada yangu alikuwa amekaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na binti huyu alipozaliwa marehemu mama yetu alimwita Zawadi. Cheti cha kuzaliwa kikaandikwa Gift, kama ilivyo desturi yetu ya kuamini kwamba jina halijawa jina mpaka litiwe Kiingereza. Sasa mwalimu wake wa Kijerumani alikuwa amemweleza maana ya neno hilo kwa Kijerumani, na darasa zima likaangua kicheko.

Kicheko hakikumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni beji. Katika hospitali za Ujerumani, kwa mazoea ya miaka mingi, muuguzi wa kike huitwa 'Schwester', yaani dada, kisha likafuata jina lake la kwanza. Hebu mfikirie mgonjwa mzee anayezinduka usiku wa manane. Kando ya kitanda amesimama mwanamke asiyemjua, mkononi ana kikombe cha vidonge, na kifuani pameandikwa 'Schwester Gift'. Dada Sumu!

Nilimjibu kwamba mwalimu wake alisema kweli, Mjerumani akilisikia neno hilo husikia sumu. Papo hapo nikamwambia kuwa jina lake halina maana ya sumu. Akanitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Makala haya ndiyo maelezo niliyompa, nikiwa nimeyapanga vizuri zaidi ya nilivyoyapanga siku ile.

Nianze kwa kukiri kwamba neno hili liliwahi kuniaibisha mimi pia. Nilipokuwa mwanafunzi kusini mwa Ujerumani, Desemba yangu ya kwanza huko, nilishuka na wenzangu kwenye ghala la chini la jengo tulimokuwa na darasa. Pembeni palikuwa na kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli, mlangoni limeandikwa GIFT kwa herufi kubwa. Krismasi ilikuwa imekaribia. Nikasema kwa sauti kwamba watu hawa ni wakarimu, ila kwa nini wanafungia zawadi kwa kufuli? Wenzangu walinihadithia kisa hicho hadi siku niliyofunga virago kurudi nyumbani.

Sasa tuingie kwenye isimu. Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiafrikana, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe na Kiaislandi ni lugha za ukoo mmoja unaoitwa Kigermaniki. Uhusiano wao ni kama ule wa Kiswahili na jamaa zake Kigiriama, Kikamba, Kigikuyu na Kizulu katika ukoo wa Kibantu. Mzungumzaji wa lugha mama yao alikuwa na kitenzi cha kumaanisha kupa au kutoa. Ndicho kilichozaa 'give' ya Kiingereza, 'geben' ya Kijerumani, 'geven' ya Kiholanzi na 'ge' ya Kiswidi. Kutokana na kitenzi hicho iliundwa nomino, sawa na sisi tunavyounda 'kipaji' kutokana na 'kupa'. Nomino hiyo ndiyo 'gift', na maana yake ya msingi haikuwa zaidi ya hii: kitendo cha kutoa, au kitu kilichotolewa.

Basi mbona watoto wa mama mmoja wakatofautiana hivi? Jibu ni kwamba kutoa kuna mahali pake. Mtu hutoa arusini, hutoa kando ya kitanda cha mgonjwa, hutoa mezani mbele ya mgeni. Kila jamii ililizoea neno hili katika hafla fulani, na hafla hiyo ikaacha rangi yake kwenye neno.

Tuanze na arusi. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, neno 'gift' lilikuwepo, lakini lilitamkwa kama 'yift' na halikuwa na maana ya zawadi ya kawaida. Lilimaanisha mali inayotolewa ili kupata mke, kwa maneno mengine mahari. Likiwa katika wingi lilimaanisha arusi yenyewe. Ushahidi mwingine unatoka katika Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa. Askofu Wulfila aliitafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, na katika Injili ya Luka, pale panapoelezwa kwamba Mariamu alikuwa ameposwa na Yusufu, panatumiwa neno la ukoo huuhuu. Kwa hiyo harufu ya ndoa katika neno hili ni ya zamani mno.

Waswidi, Wadenmaki na Wanorwe wameitunza mpaka leo. Kwa Kiswidi, 'gift' ni mtu aliyeoa au aliyeolewa. 'Ogift' ni kapera au mwanamwali. 'Gifta sig' ni kufunga ndoa. Wazo lililo chini yake ni lile la mzazi kumtoa binti yake kwa mume.

Wajerumani nao wamebakisha kipande kimoja cha maana hiyo katika neno 'Mitgift', yaani kitu kinachotolewa pamoja na bibi arusi. Hapa msomaji awe mwangalifu. 'Mitgift' ni mali anayokwenda nayo bibi arusi kutoka kwa wazazi wake, ilhali mahari hutoka upande wa mume. Njia ni ileile ila wasafiri wanaelekea pande tofauti. Kosa hili tunalo hata sisi: tunapozungumza Kiingereza hapa Kenya husema 'dowry' tukikusudia mahari, wakati kwa Mwingereza neno hilo ni mali inayotoka kwao msichana. Mwingereza akisoma gazeti letu atadhani sisi ndio tunaolipa ili binti zetu waolewe.

Mpwa wangu alinikatiza hapo. "Kwa hiyo Mswidi akisema 'gift' anasema ndoa. Na sumu wanaiitaje?" Nikamwambia, wanaiita 'gift' vilevile. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Waswidi wenyewe hawaishi kulifanyia mzaha jambo hili, na kila mume mchovu ana utani wake.

Sisi tusiwacheke sana. Baba wa Kiswahili humwoza binti yake, na nyanya zikikaa sana sokoni huoza. Lakini mifano hii miwili haifanani kwa undani, na tofauti yake ni somo zuri. 'Kuoza' ya arusi ni kitenzi 'oa' kilichotiwa kiambishi cha usababishi. 'Kuoza' ya nyanya ina 'z' ambayo ni sehemu ya mzizi wenyewe. Hakuna aliyeziozesha, zimejiozea. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, yaani homonimu. 'Gift' ya ndoa na 'gift' ya sumu ni neno moja la asili moja, ila liliingia katika Kiswidi kwa milango miwili. La ndoa lilikuwamo nyumbani tangu kale. La sumu lililetwa na Wajerumani wa kaskazini, wafanyabiashara wa Hansa, waliotawala biashara ya Bahari ya Baltiki katika zama za kati.

Sumu yenyewe Wajerumani waliipata wapi? Hapa tunahama arusini na kwenda kwa mgonjwa. Wagiriki wa kale walikuwa na neno 'dosis', lenye maana ya utoaji, kutokana na kitenzi chao cha kupa. Matabibu wakalitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa kwa mara moja. Kilatini kikalikopa, Kiingereza kikalipokea, na leo muuguzi wetu wa zahanati humhimiza mgonjwa amalize dozi. Naam, 'dozi' yetu ni neno hilohilo la Kigiriki. Wasomi wa Kijerumani walipotaka kueleza 'dosis' kwa lugha yao walitumia neno lao lenye maana ileile ya utoaji, 'gift'.

Kutoka dozi hadi sumu ni hatua moja. Kinachotenganisha dawa na sumu mara nyingi ni kiasi tu, na Kiswahili chetu ni shahidi. Dukani tunanunua dawa ya kikohozi, na kwenye rafu ya pili dawa ya panya. Panya haponi. Pia kuna suala la tafsida. Binadamu huogopa kulitaja jambo baya kwa jina lake. Mtu akifa kifo cha kutatanisha baada ya karamu, majirani hawasemi kwa sauti kwamba alitiliwa sumu. Husema, "Alipewa kitu." Au, "Alilishwa." Ukiyatafsiri maneno hayo neno kwa neno hutaona ubaya wowote, kwani kupewa kitu ni jambo jema. Lakini kila mtu kwenye matanga anajua kilichosemwa. Hivyo ndivyo Wajerumani walivyofanya na 'gift'. Walisema "alipewa" kwa muda mrefu, mpaka kificho kikawa jina.

Jina la zamani la sumu likasukumwa pembeni. Waingereza wa kale waliiita 'attor'. Nduguye katika Kijerumani ni 'Eiter', ambalo siku hizi ni usaha wa kidonda. Katika Kidenmaki limejificha ndani ya jina la buibui, 'edderkop', ambapo 'edder' ni ile sumu ya kale. Ni Kiaislandi, kilichokaa kisiwani mbali na wafanyabiashara wa Hansa, kinachoendelea kuiita sumu 'eitur' bila wasiwasi. Na kwa kuwa sumu tayari ina jina huko, 'gifta' ya Waaislandi imebaki na maana nyingine nzuri kabisa: bahati, yaani kile ulichojaliwa.

Wapenzi wa ngeli watafurahia jambo moja. Kwa muda fulani maana mbili, zawadi na sumu, ziliishi pamoja katika Kijerumani, na hatimaye sarufi ikaamua ugomvi. Lugha hiyo ina jinsi tatu za nomino. Kwa maana ya kitu kilichotolewa neno lilikuwa la jinsi ya kike, na ndivyo 'die Mitgift' ilivyo hadi leo. Sumu ikahamia jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, ikawa 'das Gift'. Waholanzi walifanya vivyo hivyo: 'de gift' ni msaada au mchango unaotolewa, 'het gif' ni sumu. Ni kama sisi tunavyotumia ngeli kumtenga ndege anayeruka kwa mbawa zake na ndege anayepaa Embakasi. Neno ni moja, upatanisho wa kisarufi ndio unaotofautisha. Kiafrikana, mtoto wa Kiholanzi aliyekulia Afrika Kusini, kilibaki na sumu pekee. Mtu wa huko akikwambia 'gif', usinyoshe mkono kupokea.

Sasa, Kiingereza kilifikaje kwenye zawadi? Kwa kuvamiwa. Kuanzia karne ya 9 Waskandinavia, wale Wavikingi, waliteka na kuhamia sehemu za kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Walikuja na matamshi yao yenye 'g' nzito na maana pana zaidi ya neno. Ilipofika karne ya 13, 'gift' yenye 'g' na yenye maana ya zawadi ilikuwa imeota mizizi, na 'yift' ya mahari ikafifia. Ajabu ya dunia ni kwamba Waswidi wenyewe baadaye waliilainisha 'g' yao mbele ya 'i', hivyo leo Mswidi ndiye anayetamka 'yift' na Mwingereza ndiye anayetamka kama Mviking.

Nimeacha meza ya mgeni mwisho kwa makusudi. Ikiwa Waingereza waliipa zawadi jina 'gift', sumu waliiita nini? Waliikopa kwa Wafaransa: 'poison'. Asili yake ni neno la Kilatini 'potio', ambalo ni kinywaji tu. Nao Wajerumani, baada ya 'Gift' kuharibika, zawadi waliiita 'Geschenk', kutokana na kitenzi 'schenken'. Na 'schenken' hapo kale kilikuwa kumimina kinywaji na kumkaribisha mtu! Umeona mambo hayo? Kwa Mwingereza kitu kilichotolewa ni zawadi na kinywaji ni sumu. Kwa Mjerumani kitu kilichotolewa ni sumu na kinywaji ni zawadi. Wamebadilishana viti.

Mwaka 1924 mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika insha fupi aliyoipa kichwa 'Gift, Gift', akijaribu kueleza uhusiano huo. Alitazama desturi ya Wagermaniki wa kale ya kupeana vinywaji, akaona kwamba anayepokea kikombe hupokea pia mashaka: mkono unaokunywesha unaweza kukuua, na hata usipokuua umeshakufunga, kwa kuwa sasa una deni. Mkenya hahitaji kufika Paris ili kulielewa hilo. Sisi tunalo neno 'chai'. Chai ya sebuleni kwa dada yangu ni ukarimu. Chai inayoombwa na ofisa aliyeketi juu ya faili lako ni kitu kingine, na mwenye kuipokea pamoja na mwenye kuitoa wote wanaijua ladha yake.

Nirudi kwa mpwa wangu. Wako watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wanaoshikilia kwamba maana halisi ya neno ni ile ya asili, na nyingine zote ni upotofu. Kwa hoja hiyo ningemwambia binti ajiendee zake na beji yake, na mgonjwa akishtuka ampe mhadhara kuhusu karne ya 13. Mgonjwa hana muda wa mhadhara. Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Haiwezi kumwamuru mzee wa Kijerumani asikie nini saa nane ya usiku. Maana hukaa kwa wanaozungumza. Anayevuka mpaka na neno lake hana budi kuuliza wenyeji wanalisikiaje.

Lakini hoja hiyo hukata kuwili. Kama maana hukaa kwa wanaozungumza, basi jina la binti huyu lilipata maana yake siku bibi yake alipompakata akamwita Zawadi. Mjerumani hakuwepo, na hawezi kuifuta. Ndiyo sababu nilimwambia kwamba jina lake si sumu.

Ushauri wangu ukawa wa kawaida. Pasi ya kusafiria iachwe ilivyo, kwa sababu kubadili jina kwenye vyeti vyote vya uuguzi ni kazi ya kumchelewesha mtu mwaka mzima. Kwenye beji liandikwe jina la ukoo, 'Frau' na jina la baba yake, adabu ambayo Mjerumani yeyote anaielewa. Na wagonjwa wakimzoea wakataka jina la kwanza, awape lile la bibi.

"Zawadi," alisema, kama anayelijaribu mdomoni.

Nikamwongezea moja la mwisho, maana profesa akishaanza hakomi. Hata 'zawadi' ina safari yake. Wataalamu wa asili ya maneno huliunganisha na neno la Kiarabu lenye maana ya chakula anachofungashiwa msafiri, masurufu ya njiani. Sisi wa mwambao tulilipokea, likageuka likawa kitu chochote unachompa mtu kwa mapenzi.

Aliliandika hilo kwenye daftari lake, chini ya orodha ya vitenzi vya Kijerumani. Kisha akanikumbusha kwamba chai ilikuwa inapoa.